Bidhaa Yako Ni ya Kenya, Lakini Faili Inasema Hivyo? Mwongozo wa Karatasi za Zabuni za Serikali

Ukipita Kariobangi Light Industries asubuhi utakuta madawati, vitanda vya bweni, makabati ya ofisi na milango ya chuma vikitoka mikononi mwa mafundi. Ni bidhaa zile zile ambazo shule, hospitali na afisi za serikali hununua kila mwaka. Sheria nayo iko upande wa mafundi hawa. Katiba, kifungu cha 227, inaruhusu mapendeleo katika ununuzi wa umma. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015, vifungu vya 155 hadi 157, inaeleza mapendeleo hayo waziwazi, na fanicha, nguo na vyakula vimetajwa humo kwa majina. Kanuni za mwaka 2020 zikaja kufafanua utekelezaji.

Hata hivyo, tenda nyingi za fanicha zinaishia kwa mtu aliyeleta kontena kutoka ng'ambo. Sababu moja inajirudia kila mahali: kamati ya tathmini haitembelei karakana yako kabla ya kusoma faili. Inasoma karatasi. Kama hakuna karatasi inayoonyesha chuma kilinunuliwa wapi, mbao zilitoka wapi na kazi ilifanywa na nani, basi machoni pa kamati dawati lako halina kwao.

Mwongozo huu ni wa fundi, mwenye kiwanda kidogo, au mfanyabiashara anayeuza bidhaa za Kenya kwa taasisi za umma hapa Nairobi. Faili ya kuthibitisha asili ya bidhaa huanza siku unaponunua malighafi. Ukingoja tangazo la zabuni litoke, umeshachelewa.

Hatua ya 1: Tambua ni zabuni ya aina gani

Kabla ya kukusanya chochote, soma kurasa za mwanzo za hati ya zabuni ujue unaingilia mlango upi, maana kila mlango una karatasi zake.

Kuna zabuni zilizotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu chini ya mpango wa AGPO. Sheria inataka kila taasisi ya umma itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake ya ununuzi kwa makundi haya. Hapa kinachotangulia ni cheti cha AGPO; bila hicho hakuna atakayefungua ukurasa wa pili. Kuna zabuni za kaunti, ambako angalau asilimia 20 hutengewa wakazi wa kaunti husika. Kuna zabuni za raia wa Kenya peke yao, ambazo pesa zake zote zinatoka serikalini na thamani yake haijavuka kiwango kilichowekwa na kanuni. Halafu kuna zabuni za wazi, za kitaifa au za kimataifa, ambamo mwenye bidhaa ya Kenya hupewa afueni wakati bei zinalinganishwa.

Angalia pia pesa zinatoka wapi. Mradi ukifadhiliwa na Benki ya Dunia, kwa mfano, masharti ya mfadhili ndiyo yatakayotumika. Katika zabuni za kimataifa za vifaa zenye kipengele cha mapendeleo ya ndani, Benki ya Dunia huiweka kundi la kwanza bidhaa iliyotengenezwa nchini mwa mnunuzi ikiwa kazi, malighafi na vipuri vya nchi hiyo vinazidi asilimia 30 ya bei yake inapotoka kiwandani. Kiwanda chenyewe sharti kiwe kilishaanza kutengeneza bidhaa ya aina hiyo kufikia siku ya kuwasilisha zabuni. Bidhaa ya kigeni huongezwa asilimia 15 wakati wa kulinganisha bei. Kama mapendeleo hayakutajwa ndani ya hati ya zabuni, usijijazie mwenyewe. Andika barua ya kuomba ufafanuzi mapema, kabla ya tarehe ya mwisho ya maswali.

Hatua ya 2: Weka sawa karatasi za biashara yenyewe

Sehemu hii wengi wanaijua, kwa hiyo nitaipitia haraka, nikikazia pale ambapo watu huanguka.

Unahitaji cheti cha usajili wa biashara au kampuni, PIN ya KRA (Mamlaka ya Mapato Kenya), cheti cha kuthibitisha umetimiza wajibu wa kodi, leseni ya biashara ya Kaunti ya Jiji la Nairobi, na kwa kampuni, CR12 inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. CR12 huombwa kupitia eCitizen. Hati nyingi za zabuni husema CR12 isiwe ya zamani kuliko miezi kadhaa. Soma ni miezi mingapi, maana hutofautiana. Cheti cha kodi hudumu miezi 12, lakini kamati huweza kukikagua kwenye mtandao wa KRA siku ya tathmini. Kama umeacha kuwasilisha ritani katikati ya mwaka, shughulikia jambo hilo kabla ya kuomba zabuni.

Kwa cheti cha AGPO, angalau asilimia 70 ya umiliki iwe ya kundi unalojisajilia, na uongozi uwe wa kundi hilo kwa asilimia 100. Kijana kisheria ni mtu aliyefikisha miaka 18 lakini hajafikisha 35. Usajili hufanywa na Hazina ya Kitaifa na haulipishwi. Yeyote anayekuomba pesa ya kukupatia cheti hicho, iwe ni kwenye saiba au kwenye ngazi za afisi, mkatae.

Sasa jambo ambalo linahusu asili ya bidhaa moja kwa moja. Sheria inatofautisha kampuni iliyosajiliwa Kenya na mkandarasi raia. Mkandarasi raia ni mtu au kampuni inayomilikiwa na kudhibitiwa kikamilifu na raia wa Kenya. Ukiwa na mwenye hisa mmoja wa kigeni, hata kama hisa zake ni chache, umetoka kwenye fungu hilo, ingawa unaweza bado kupata mapendeleo mengine yanayopimwa kwa kiwango cha hisa za Wakenya. CR12 ndiyo itakayosema. Kwa hiyo isome kwanza wewe mwenyewe, jina kwa jina, ulinganishe na vitambulisho. Jina lililoandikwa kwa herufi tofauti na la kwenye kitambulisho hulazimisha kamati kuuliza maswali ambayo hutaki yaulizwe.

Hatua ya 3: Jenga faili ya malighafi

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo ningemwomba kila mwenye karakana atulie.

Chukua dawati la shule lenye kiti chake. Lina fremu ya tyubu za mraba, ubao wa saiprasi, rangi, bolti, viatu vya raba vya miguuni, na vijiti vya kuchomelea vilivyotumika. Kwa kila kimojawapo unahitaji karatasi inayojibu maswali matatu: nani aliniuzia, lini, na kitu hiki kilitengenezwa wapi.

Tuanze na tyubu. Ukinunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi kwa pesa taslimu ukaondoka na kijikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu, huna ushahidi. Omba invoisi ya eTIMS, mfumo wa KRA wa invoisi za kielektroniki, yenye PIN ya muuzaji na PIN yako wewe mnunuzi. Tangu Januari 2024 matumizi ya biashara yasiyo na invoisi ya eTIMS kwa kawaida hayakubaliwi kukatwa kwenye hesabu ya kodi, kwa hiyo karatasi hiyo hiyo inakufaa mara mbili. Tazama maelezo yaliyoandikwa juu yake. Invoisi inayosema "vifaa" na jumla ya pesa tu haikusaidii. Mwambie muuzaji aandike: tyubu ya mraba, vipimo vyake, unene wake, idadi ya vipande, na jina la kiwanda kilichoitengeneza. Wauzaji wengi hawakatai, ila hawafanyi bila kuombwa.

Kisha uliza swali gumu zaidi: tyubu hiyo imetengenezwa Kenya au imeagizwa ikiwa tayari? Viwanda vya humu nchini hukunja na kuchomelea tyubu kutokana na roli za bamba la chuma ambazo mara nyingi huagizwa kutoka nje. Tyubu ya aina hiyo imefanyiwa kazi Kenya, ingawa chuma chenyewe si cha Kenya. Iandike hivyo hivyo. Usiandike kwamba ni ya Kenya kwa asilimia mia. Omba barua fupi kutoka kwa kiwanda, yenye mhuri na sahihi, ikisema kwamba tyubu za vipimo fulani zilitengenezwa kwenye kiwanda chao kilichoko mahali fulani. Barua moja ya aina hiyo yaweza kutumika kwenye zabuni kadhaa, mradi tarehe yake haijapitwa sana.

Mbao ni rahisi zaidi kuthibitisha kuliko watu wanavyofikiri. Mbao zinazosafirishwa kihalali huandamana na kibali cha usafirishaji kutoka Shirika la Huduma za Misitu Kenya, KFS, na mara nyingi stakabadhi ya ushuru wa kaunti zilikotoka. Muuzaji wa soko la Gikomba aliyepokea mbao hizo ana nakala. Mwombe akupe picha au fotokopi, kisha iambatishe na risiti yake. Hapo umeonyesha njia nzima ya ubao kutoka msituni hadi kwenye meza yako ya kazi, na hakuna muuzaji wa fanicha ya kontena anayeweza kuonyesha kitu kama hicho kuhusu Kenya. Kama unanunua kwa mkulima mdogo mwenye miti yake shambani, ambaye hana eTIMS, sheria ya kodi sasa inamruhusu mnunuzi kuanzisha invoisi hiyo kwa niaba ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayafiki shilingi milioni 5. Tumia nafasi hiyo.

Bolti na viatu vya raba vikiwa vimetoka nje, viandike kuwa vimetoka nje. Havitakuangusha. Kinachoangusha ni kamati kugundua ulificha.

Mwisho wa faili hii weka ushahidi wa kazi: orodha ya malipo ya mafundi, stakabadhi za NSSF (hifadhi ya jamii) na SHA (bima ya afya) kwa walioajiriwa, bili ya umeme ya karakana, mkataba wa kodi ya nyumba, na picha chache za mashine zenu zikiwa zinafanya kazi. Picha ionyeshe jina la karakana ukutani. Taasisi kubwa zinaweza kutuma watu kukagua kabla ya kutoa zabuni, na wakija wanapaswa kukuta kile kile walichokiona kwenye picha.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mchango wa Kenya

Andaa ukurasa mmoja wenye mchanganuo wa gharama ya bidhaa moja. Tuchukue mfano wa kubuni wa dawati linalogharimu shilingi 6,000 kulitengeneza. Tyubu 1,900. Mbao 1,300. Rangi ya kiwanda cha Nairobi 350. Bolti na raba 250. Vijiti vya kuchomelea 150. Ujira wa mafundi 1,200. Umeme, kodi ya karakana na usafiri 850.

Sasa hesabu kwa tahadhari. Chukulia tyubu zote ni za kigeni, kwa kuwa chuma chake kimeagizwa, na uchukulie vijiti navyo ni vya kigeni. Vya kigeni vinakuwa 1,900 na 250 na 150, jumla 2,300, yaani kama asilimia 38 ya gharama. Kilichobaki, shilingi 3,700, ni cha Kenya: karibu asilimia 62. Chini yake weka hesabu ya pili, ukihesabu kazi iliyofanywa Kenya ya kutengeneza tyubu, ikiwa barua ya kiwanda inaonyesha sehemu hiyo. Hesabu ya kwanza ndiyo utakayoisimamia ukihojiwa. Ya pili inaonyesha kwamba ulijipunja kwa hiari.

Kando ya kila mstari andika nambari ya kiambatisho: tyubu, kiambatisho cha 4, mbao, kiambatisho cha 5 na cha 6. Mtu wa kamati anayesoma faili kadhaa kwa siku moja atashukuru, na mtu anayeshukuru husoma kwa makini. Tia sahihi, tarehe na mhuri. Mhasibu aliyesajiliwa akiweza kuthibitisha ukurasa huo, vizuri zaidi, hasa kwa zabuni kubwa.

Hatua ya 5: Alama ya ubora na cheti cha asili

Karatasi hizi mbili huchanganywa sana, ilhali zinajibu maswali tofauti.

Alama ya ubora ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, huthibitisha kwamba bidhaa inatimiza kiwango cha Kenya. Ofisi kuu za KEBS ziko Popo Road, South C. Bidhaa inayotengenezwa hapa hupewa kibali chenye nambari yake, na mtu yeyote anaweza kukikagua kwa kutuma ujumbe wa simu wenye SM# ikifuatwa na nambari ya kibali kwenda 20023. Fanya hivyo kabla hujaambatisha kibali chako au cha kiwanda kinachokuuzia. Kibali kilichokwisha muda kikionekana kwenye simu ya mjumbe wa kamati, faili yote inaanza kutiliwa shaka. Bidhaa iliyoagizwa hufuata njia nyingine, ya cheti cha ukaguzi kinachotolewa huko inakotoka. Kwa hiyo aina ya karatasi ya KEBS peke yake huonyesha mengi kuhusu chimbuko la bidhaa.

Cheti cha asili ya bidhaa ni karatasi ya biashara ya mipakani. Kwa bidhaa zinazokwenda nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki au COMESA ili zipate nafuu ya ushuru, hutolewa na idara ya forodha ya KRA. Chama cha Kitaifa cha Wafanyabiashara na Viwanda, KNCCI, hutoa vyeti vya kawaida vya asili visivyo vya nafuu ya ushuru. Fundi anayeuza kwa shule ya hapa Nairobi kwa kawaida hakihitaji, isipokuwa hati ya zabuni iwe imekitaja.

Anayehitaji kuelewa vyeti hivi vizuri ni mfanyabiashara anayeleta bidhaa kutoka nchi jirani. Kitambaa au sukari iliyotoka Uganda au Tanzania ikiwa na cheti cha asili cha Afrika Mashariki inaweza kuingia bila ushuru wa forodha. Shehena ya thamani isiyozidi dola 2,000 hutumia cheti kilichorahisishwa. Lakini kuingia bila ushuru hakuifanyi kuwa bidhaa ya Kenya. Mapendeleo ya kifungu cha 157 yanatolewa kwa kilichotengenezwa, kuunganishwa, kuchimbwa au kukuzwa Kenya. Nimeona mafaili ambamo cheti cha asili cha nchi jirani kimewekwa kwa fahari mbele kabisa, mahali pa ushahidi wa bidhaa ya ndani, na kinachofanya pale ni kuthibitisha kinyume.

Wapo pia wanaodai kwamba mapendeleo haya yanavunja sheria za Shirika la Biashara Duniani. Hayavunji. Mkataba wa GATT, ule wa shirika hilo kuhusu biashara ya bidhaa, katika ibara yake ya 3, unaacha nje ununuzi wa serikali kwa matumizi yake yenyewe, na Kenya haijajiunga na mkataba maalumu wa shirika hilo kuhusu ununuzi wa serikali. Ukiambiwa hivyo kwenye mkutano wa waombaji zabuni, jibu kwa utulivu ukitaja hayo.

Hatua ya 6: Kama unauza bila kutengeneza

Duka linalouza unga, sare, sabuni au saruji ya viwanda vya Kenya nalo linaweza kuthibitisha asili. Unahitaji barua ya idhini kutoka kwa mtengenezaji, kwenye karatasi yenye kichwa cha kampuni, ikitaja nambari ya zabuni, jina la taasisi inayonunua, bidhaa, na kwamba umeruhusiwa kuiuza. Barua ya jumla isiyotaja zabuni hukataliwa pale hati inapotaka barua mahususi. Iombe mapema, kwa sababu viwanda vikubwa vina utaratibu wao na havikimbizwi na tarehe zako. Pamoja nayo weka nakala ya kibali cha KEBS cha mtengenezaji, si cha duka.

Hatua ya 7: Kampuni ya kigeni ikija kukuomba barua

Sheria, kifungu cha 157, inataka kila mwombaji wa kigeni katika zabuni ya kimataifa aonyeshe, kabla hajawasilisha zabuni, kwamba atapata angalau asilimia 40 ya mahitaji yake kutoka kwa wakandarasi raia. Hili hukaguliwa katika hatua ya awali ya tathmini. Ndiyo maana wakati zabuni kubwa ya barabara, umeme au majengo inapotangazwa, utaona mgeni amefika karakana akiuliza kama unaweza kumwandikia barua ya "tutashirikiana".

Barua hiyo ina thamani kubwa kwake. Bila hiyo anatoka. Basi isiwe ya bure wala ya jumla. Andikeni makubaliano yanayotaja bidhaa, kiasi, bei au namna bei itakavyokokotolewa, lini atalipa, na kwamba yataanza kufanya kazi akipewa zabuni. Weka kipengele kwamba hatakubadilisha na mwuzaji mwingine bila kukuarifu kwa maandishi. Ambatisha CR12 yako ili iwe wazi wewe ni mkandarasi raia. Baki na nakala yenye sahihi za pande zote mbili. Mafundi wengi wametia sahihi barua hizi wakifurahi, mradi ukaanza, na hawakusikia simu tena. Kwa kuwa barua haikutaja kiasi chochote, hawakuwa na pa kushika.

Hatua ya 8: Fomu, kurasa na bei

Hati za kawaida za zabuni za Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA, huja na fomu zake: fomu ya zabuni, dodoso la siri la biashara, tamko kwamba bei zako hukupanga na washindani, matamko ya kwamba hujafungiwa na hutashiriki ufisadi, na ahadi ya kufuata maadili. Zijaze kama zilivyo. Usizipige chapa upya ukiwa umeacha sentensi. Kisehemu kisichokuhusu andika "haihusiki", usikiache kitupu.

Kwa zabuni zilizotengewa makundi ya AGPO, dhamana ya benki haihitajiki. Unajaza na kutia sahihi tamko la dhamana ya zabuni. Watu hulipa benki bila sababu kwa kutojua hili.

Kurasa zote zipewe nambari mfululizo, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, pamoja na viambatisho, vyeti na hata kurasa zilizo na picha. Sheria yenyewe inalitaja sharti hili, na faili nzuri hufa kwa ajili yake. Ukipeleka faili saiba kujalidiwa, zipe kurasa nambari wewe mwenyewe kabla ya kujalidiwa, halafu pitia ukurasa kwa ukurasa ikishatoka kwenye mashine. Zabuni inayowasilishwa kwa mtandao nayo ipangwe vivyo hivyo. Hazina ya Kitaifa imekuwa ikisukuma ununuzi uhamie kwenye mfumo wa kielektroniki, kwa hiyo tangazo lenyewe ndilo litakalokuambia kama unapakia mtandaoni au unatumbukiza sandukuni.

Kuhusu bei, hesabu mara mbili, kisha mpe mtu mwingine ahesabu. Kifungu cha 82 kinasema bei iliyoandikwa kwenye fomu ya zabuni na kusomwa siku ya ufunguzi ni ya mwisho, haisahihishwi. Ukikosea kujumlisha, umekosea. Mapendeleo ya bidhaa ya Kenya hutumika kulinganisha zabuni tu. Ukishinda, unalipwa bei uliyoandika. Usiipandishe bei ukitumaini mapendeleo yatafidia.

Na juu ya ukweli wa yote uliyoandika: anayetoa maelezo ya uongo kuhusu sifa zake anaweza kufungiwa kuomba zabuni za umma kwa muda usiopungua miaka mitatu. Kwa karakana ndogo, miaka mitatu ni kufunga mlango.

Hatua ya 9: Siku ya ufunguzi na siku 14 zinazofuata

Nenda kwenye ufunguzi, au umtume mtu mwenye barua. Andika majina na bei zinazosomwa. Ukishindwa, taasisi inapaswa kukuarifu kwa maandishi na kukupa sababu. Soma sababu hiyo neno kwa neno. Kama inasema hukuthibitisha asili ya bidhaa na una kiambatisho kilichothibitisha, au kama mshindi alipewa mapendeleo ya bidhaa ya Kenya ilhali anauza ya kuagiza, una siku 14 za kwenda kwenye Bodi ya Mapitio ya Kiutawala ya Ununuzi wa Umma. Siku hizo hupita upesi kuliko unavyodhani. Mkataba haupaswi kutiwa sahihi kabla ya siku 14 tangu taarifa kutolewa, na Bodi ikipokea ombi lako ina siku 21 za kuamua. Usipoteze wiki nzima ukiandikia taasisi barua za malalamiko. Andika moja ya kuomba maelezo na siku hiyo hiyo anza kuandaa ombi la mapitio.

Hatua ya 10: Baada ya kushinda

Bidhaa utakazopeleka ziwe zile zile ulizoeleza. Kamati ya ukaguzi na upokeaji ya taasisi ina haki ya kulinganisha. Ukilazimika kubadilisha malighafi, mathalani saiprasi imekosekana sokoni, andika barua na upate kibali kabla hujakata ubao hata mmoja. Peleka bidhaa na LPO (agizo la ununuzi ulilopewa na taasisi), hati ya kuwasilisha mzigo iliyotiwa sahihi na mpokeaji, na invoisi ya eTIMS ya tarehe inayolingana. Omba nakala ya cheti cha kamati ya ukaguzi siku hiyo hiyo, kabla gari halijaondoka uani. Ukirudi wiki ijayo, mmoja wa waliotia sahihi atakuwa amehamishwa au yuko likizo.

Malipo yakichelewa kupita muda uliotajwa kwenye mkataba, kifungu cha 140 kinakupa haki ya riba juu ya kiasi kilichocheleweshwa. Dai kwa maandishi, ukitaja kifungu hicho, nambari ya LPO, tarehe ya cheti cha ukaguzi na tarehe malipo yalipostahili kufanywa. Barua hiyo iingie masijala, igongwe mhuri wa kupokelewa, na nakala yake irudi nawe karakana.